Umbali, Mwendo na Safari: Njia ya Brussels na Kinshasa

Lugha yetu ina desturi ya kupima njia kwa muda. Mzee akiulizwa kijiji fulani kiko umbali gani, hujibu kwamba ni mwendo wa siku mbili, au wa asubuhi moja. Wapo wanaodhani kwamba huo ni usemi wa watu wasiokuwa na vipimo. Sisi tunaona kwamba una hoja, na historia ya njia ya Brussels na Kinshasa yaithibitisha.

Kwa mstari ulionyoka, miji hiyo imetengana kwa kilomita zipatazo 6,200. Mwanzoni mwa karne ya 20, msafiri alipanda meli Antwerp, akakaa baharini majuma mawili au matatu hadi Matadi, kisha akapanda gari moshi, kwa reli iliyokamilika mwaka 1898, hadi Léopoldville. Hilo ndilo jina la Kinshasa mpaka mwaka 1966.

Tarehe 12 Februari 1925, Mbelgiji Edmond Thieffry aliondoka Brussels kwa ndege, pamoja na rubani Léopold Roger na fundi wa mitambo Joseph De Bruycker. Walipita Ufaransa na Hispania, wakavuka Sahara, wakafika Ziwa Chad, kisha wakashika njia ya kusini kupitia Bangui. Waliwasili Léopoldville tarehe 3 Aprili, siku ya 51. Hata hivyo, saa walizokuwa angani zilikuwa 75 na dakika chache tu. Muda mwingine wote ndege ilikuwa chini. Abiria wa meli angewatangulia! Thieffry alifariki mwaka 1929, ndege yake ilipoanguka karibu na Ziwa Tanganyika.

Februari 1935, shirika la Sabena lilifungua safari za kawaida katika njia hiyo, nazo zilichukua siku tano na nusu. Leo ndege isiyotua njiani hutumia saa nane hivi. Ardhi haikusogea hata hatua moja. Kilichopungua ni mwendo.

Wala jambo hili si la marubani peke yao. Tarehe 20 Januari 1960, viongozi wa Kongo walianza mkutano na serikali ya Ubelgiji mjini Brussels, hali Patrice Lumumba yumo kifungoni huko Stanleyville. Wenzake walidai aachiliwe. Akaachiliwa, akasafirishwa kwa ndege, akaingia mkutanoni kabla ya mwezi kwisha. Mkutano huo ndio uliokubali kwamba uhuru utapatikana tarehe 30 Juni, nao ulifungwa tarehe 20 Februari. Kwa meli, Lumumba angefika mambo makubwa yamekwisha amuliwa. Na tukumbuke kwamba kabla ya hapo alizuiwa na kufuli la gereza, si na kilomita.

Basi walimu wenzetu, tunapofundisha maneno haya matatu, tusiyachanganye. Umbali ni wa ardhi, nao haubadiliki. Mwendo ni wa chombo na njia yake. Safari ni ya mtu, na ndani yake mna kungoja, kuharibikiwa na kuomba ruhusa. Thieffry alikuwa na mwendo wa saa 75 katika safari ya siku 51. Mwanafunzi atakayeieleza tofauti hiyo kwa Kiswahili sanifu atakuwa amejifunza lugha na historia kwa pamoja.