Kabla ya Wakanda Kulikuwa na Ngarambe: Stori ya Kilwa Ilivyopanda Mlimani

Mwambie kijana wa mjini ataje stori ya Mwafrika mwenye nguvu za ajabu, atakutajia Wakanda kabla hujamaliza swali. Sawa, Black Panther ya 2018 ilikuwa kali. Ila kuna stori ya huku kwetu, ya miaka ya 1904 na 1905, bara kidogo kutoka pwani ya Kilwa, ambayo hata Hollywood wangeitolea macho.

Jamaa mmoja wa Ngarambe, asubuhi tu, anachukuliwa na mzimu uitwao Hongo. Anatambaa kwa tumbo mpaka kwenye kidimbwi, anazama. Ndugu zake wanahangaika kumtoa, wapi. Wanalala pale pale wakisubiri. Kesho yake huyo anaibuka mzima, nguo zake kavu kabisa, na anaanza kutabiri. Hivyo ndivyo wazee walivyosimulia.

Jamaa huyo ndiye Kinjikitile Ngwale, na maji aliyogawa yaliaminika yangefanya risasi za Mjerumani ziwe maji. Hapo ndipo utamu wa stori unapoishia. Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbi, waling'oa pamba ya mkoloni, vita ikawaka. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ikiwa bado mbichi. Risasi zikabaki risasi. Wajerumani walikadiria watu 75,000 walikufa kwa vita na njaa iliyofuata, wanahistoria wa baadaye wakafika 250,000 na zaidi. Kilwa Kivinje wapiganaji walinyongwa kwenye mwembe, na mpaka leo mahali hapo panaitwa Mwembe Kinyonga. Ukipita, simama kidogo.

Sasa stori ya kidimbwi ilifikaje chuo kikuu?

Miaka ya 60, wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki walikuwa wanaandika balaa. Makerere walikuwa na jarida lao, Penpoint, tangu 1958, ndimo Ngũgĩ wa Thiong'o alimotoa hadithi zake za mwanzo. Dar es Salaam nao wakaanzisha Darlite mwaka 1966. Majarida ya maana, ila lugha yake ilikuwa Kiingereza. Yaani bibi wa Kivinje aliyeijua stori ya Hongo kwa moyo, hata angeletewa nakala mlangoni, angeishia kufungia karanga.

Wakati huohuo idara ya historia pale Mlimani ilituma wanafunzi vijijini, mwaka 1968, wakakae na wazee waliokumbuka Maji Maji. Hiyo kazi haisifiwi inavyostahili. Wanafunzi wa kawaida na madaftari yao, wazee ambao vijana wa leo hawawajui hata kwa jina. Bila wao, zile nguo kavu zingezikwa na wenyewe.

Halafu akaja mtoto wa pwani hiyo hiyo ya kusini, Ebrahim Hussein, aliyesoma sanaa za maonyesho Mlimani. Mwaka 1969 akatoa tamthilia yake, Kinjeketile, kwa Kiswahili. Angalia herufi: wa historia ni Kinjikitile, wa jukwaani ni Kinjeketile, na Hussein mwenyewe alisema wazi kwamba huyu wake ni wa kubuni. Na amemtendea kitu ambacho sinema nyingi za mashujaa hazithubutu. Shujaa wake anaanza kuyatilia shaka maji yake mwenyewe. Neno alilotoa limeshakuwa kubwa kuliko yeye, watu wanataka kwenda vitani, hawezi tena kulirudisha. Mwishoni anateswa ili akiri kwamba maji ni uongo. Anakataa. Si kwamba bado anaamini yanazuia risasi, ila anajua watoto na wajukuu watauliza lile neno lilikuwa na maana gani.

Wengi waliisoma hiyo wakiwa shule, wakakariri dhamira na wahusika, mtihani ukaisha, kitabu wakakitupa kule. Kirudie sasa hivi bila mwalimu, ni kitabu kingine kabisa.

Mlimani haikuishia hapo. Mwaka 1990 shirika la uchapishaji la chuo hicho likatoa Nagona ya Euphrase Kezilahabi, mwaka uliofuata Mzingile. Ndoto ndani ya ndoto, wafu wanaongea, dunia inaisha na kuanza upya. Ni vitabu vyembamba, ila jiandae, ukurasa wa kwanza utaurudia mara tatu.