Nyumba kwa Kifaransa: Insha ya Mtoto wa Shule ya Msingi na Chimbuko la Msimulizi Katika Fasihi ya Afrika Magharibi

Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kiafrika iliyoandikwa kwa Kifaransa aghalabu huanzia jijini Paris katika miaka ya 1930, pale Léopold Sédar Senghor, Aimé Césaire na Léon-Gontran Damas walipoasisi vuguvugu la Negritude. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yameliruka darasa la shule ya msingi. Kabla ya kuwako mshairi wa Kiafrika aliyetunga kwa Kifaransa, palikuwako mtoto aliyetakiwa na mwalimu kuieleza nyumba yao kwa lugha hiyo. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba zoezi hilo dogo lilimfunza mtoto mambo mawili kwa pamoja: msamiati wa lugha ngeni, na mahali pa kusimama anapoitazama nyumba yao. Mahali hapo palikuwa nje ya mlango. Athari za msimamo huo zinaonekana wazi katika riwaya za kitawasifu zilizotokea baadaye.

Kutoka Kiwolofu hadi Kifaransa pekee

Haikuwa lazima mambo yaanze hivyo. Mnamo 1817 mwalimu Mfaransa, Jean Dard, alifungua shule mjini Saint-Louis, Senegal. Dard alishikilia kwamba mtoto hawezi kuelewa anachokisoma iwapo lugha ya kitabu si lugha anayoiwazia. Kwa hiyo aliwafundisha wanafunzi wake kusoma kwa Kiwolofu kwanza, kisha Kifaransa. Alichapisha kamusi ya lugha hiyo mwaka 1825 na sarufi yake mwaka 1826. Hata hivyo, njia yake haikudumu. Waliomfuata waliona kwamba Kifaransa hufunzwa kwa Kifaransa, na rai hiyo ndiyo iliyoshinda.

Baada ya kuundwa kwa shirikisho la makoloni ya Kifaransa ya Afrika Magharibi mwaka 1895, elimu ilianza kupangwa kwa utaratibu mmoja. Amri ya mwaka 1903 iliweka ngazi za shule, kuanzia shule za vijijini. Amri ya mwaka 1924 ilisisitiza kwamba Kifaransa pekee ndicho kitakachotumika shuleni. Mtoto aliyeteleza akasema lugha ya mama alivishwa kitu kilichoitwa *symbole*, naye alibaki nacho mpaka amnase mwenzake katika kosa lilo hilo. Adhabu hiyo haikubuniwa Afrika. Watoto wa Brittany, huko Ufaransa kwenyewe, waliionja walipozungumza Kibretoni. Bernard Dadié ameisawiri katika *Climbié* (1956), na msomaji wa Kenya ataitambua mara moja, kwani Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza adhabu inayofanana nayo katika *Decolonising the Mind* (1986).

Mbinu ya kufundishia

Kwa kuwa tafsiri ilikatazwa, mwalimu alilazimika kutumia mbinu ya moja kwa moja. Alinyooshea kitu kidole, akakitaja, nao wanafunzi wakarudia kwa pamoja. Mlango, ukuta, paa, jiko na kitanda vilifaa sana kwa mbinu hii, maana kila mtoto alivijua. Majina yakishashikwa, yaliungwa kuwa sentensi, na sentensi zikaungwa kuwa insha. Nyumba ikawa miongoni mwa mada za awali si kwa sababu mkoloni aliithamini, bali kwa sababu ilikuwa karibu.

Hapa yafaa kusahihisha dhana moja iliyoenea. Husemwa mara nyingi kwamba mtoto wa Kiafrika alifundishwa theluji na mababu Wagauli tu. Yako yaliyotokea ya namna hiyo, lakini sera rasmi ilielekea kwingine. Georges Hardy, aliyeongoza elimu katika shirikisho hilo wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na aliyeandika *Une conquête morale* (1917), alitaka masomo yafungamane na mazingira ya mwanafunzi. Kitabu cha Louis Sonolet na Auguste Pérès, *Moussa et Gi-gla* (1916), kiliiga muundo wa *Le Tour de la France par deux enfants* (1877) wa G. Bruno, jina la kalamu la Augustine Fouillée, lakini safari ya watoto wawili ikahamishiwa Afrika Magharibi. Baadaye vikaja vitabu vya André Davesne kuhusu Mamadou na Bineta, ambavyo viliendelea kutumika hata baada ya uhuru. Katika vitabu hivi mtoto alikutana na kijiji, shamba, soko na mbuzi.

Kwa hiyo swali la uhakiki si kama nyumba ya Mwafrika ilikuwamo kitabuni. Ilikuwamo. Swali ni ilikuwamo kwa jicho la nani. Masomo ya usafi yaliambatana na masomo ya lugha, na nyumba aliyoieleza mtoto asubuhi iligeuka kuwa nyumba ya kurekebishwa: iongezwe madirisha, ifagiliwe, mifugo itolewe. Mawaidha hayo yaweza kuwa na manufaa kwa afya. Lakini mtoto alijifunza jina la nyumba yao na kasoro ya nyumba yao katika lugha moja, pengine katika juma moja.

Uzito wa maneno

Kila lugha huigawa dhana ya nyumbani kwa namna yake. Katika Kiwolofu, *kër* ni makao pamoja na watu wake, ilhali *néeg* ni chumba au kibanda kimoja ndani ya makao hayo. Mswahili naye hutofautisha nyumba na nyumbani, na akiulizwa atokako husema "kwetu," hata akiwa peke yake. Kifaransa cha darasani kilimpa mtoto neno *maison*, na mara nyingi kilimtaka alitangulize kwa kimilikishi cha umoja: nyumba yangu. Mtoto aliyezaliwa katika makao ya baba, wajomba, wake wenza na mabinamu alilazimika kuumega umoja huo ili sentensi yake isahihishwe vyema.

Aidha, *maison* halikutumika kila mara. Kwa nyumba ya Mwafrika, Kifaransa cha kikoloni kilitenga neno *case*, linalobeba picha ya kibanda cha udongo na makuti. Afisa aliishi katika *maison*; mzazi wa mwanafunzi aliishi katika *case*. Ua mzima wa ukoo uliitwa *concession*, neno ambalo asili yake ni ardhi iliyotolewa kwa idhini ya serikali. Hivyo basi, mtoto aliyeandika kuhusu ua wa babu yake aliutaja, bila kukusudia, kama jambo lililoruhusiwa na mtu mwingine.

Etimolojia inafichua kejeli zaidi. Neno *case* latokana na *casa* ya Kilatini, yenye maana ya kibanda. Kihusishi *chez*, ambacho Mfaransa hukitumia anaposema "kwangu" kwa upole wote wa neno hilo, nacho kimetokana na *casa* hiyohiyo. Mzizi mmoja ulizaa neno la kumkaribisha Mfaransa kwake na neno la kumweka Mwafrika katika daraja lake.

Kutoka insha hadi riwaya

Zoezi la shule ya msingi lilipata umbo kubwa zaidi katika Chuo cha William Ponty, kilichowaandaa walimu na makarani wa shirikisho. Kuanzia mwaka 1933 wanafunzi wake walitakiwa kuandika, baada ya likizo, maelezo marefu kuhusu jamii zao: ndoa, chakula, malezi, makao. Daftari hizo, zinazojulikana kama *Cahiers Ponty*, zimehifadhiwa Dakar. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa mwalimu wa Kizungu. Kwa hiyo mwandishi alilazimika kueleza yale ambayo hakuna mtu wa kwao angehitaji kuelezwa.

Sifa hiyo ndiyo inayomtambulisha msimulizi wa riwaya za miaka ya 1950. *L'Enfant noir* (1953) ya Camara Laye yafunguka kwa mtoto anayecheza karibu na *case* ya baba yake huko Kouroussa, na karakana ya uhunzi inaelezwa kwa utaratibu wa mtu anayemwongoza mgeni. Camara hakusoma Ponty. Alipitia shule ya msingi ya Kouroussa na baadaye elimu ya ufundi. Ufanani huo basi hauwezi kuhusishwa na chuo kimoja tu. Mnamo 1955 Mongo Beti aliishutumu riwaya hii katika jarida la *Présence Africaine* kwa kuchora Afrika tamu isiyo na mkoloni. Shutuma hiyo ina mashiko, lakini inamlaumu mwandishi kwa tabia ambayo darasa liliilea: kueleza nyumbani kwa ukamilifu, na kutomtaja anayekusikiliza. Mnamo 2002 Adele King alitoa hoja kwamba Camara alisaidiwa na Wazungu katika uandishi wa kazi hiyo. Hata hoja hiyo ikikubaliwa, umbo la riwaya lasalia kuwa la insha inayomwelekea msomaji wa nje.

Njia nyingine ilikuja na Ahmadou Kourouma. Katika *Les Soleils des indépendances* (1968) Kifaransa kinapindwa kifuate mwendo wa Kimalinke. Msimulizi wake hasimami nje akionyesha kidole. Anazungumza kana kwamba msomaji ameketi uani pamoja na wengine. Ubishi wake na sarufi ya shuleni haukuwa pambo la mtindo. Ulikuwa ni kurudi ndani ya mlango.

Hitimisho

Mwaka huohuo wa 1968, Guinea, nchi ya Camara Laye, ilianza kufundisha shule za msingi kwa lugha za taifa. Sera hiyo iliachwa mwaka 1984, baada ya kifo cha Rais Sékou Touré, na Kifaransa kikarejeshwa. Kwa takriban miaka 16 mtoto wa Kouroussa aliweza kuieleza nyumba yao darasani kwa lugha ya nyumba hiyo. Mali nayo, katika katiba ya mwaka 2023, iliondoa Kifaransa katika nafasi ya lugha rasmi. Mabadiliko ya katiba, hata hivyo, hayabadilishi insha peke yake. Lugha ya kienyeji nayo yaweza kufundishwa kwa kunyooshea kidole, na mtoto akazoea kuwaeleza kwao watu wasiokuwa wa kwao.

Somo hili lahusu pia walimu wa Kiswahili nchini Kenya, ambako insha kuhusu nyumbani ni zoezi la kawaida na kwa watoto wengi Kiswahili si lugha ya kwanza. Kabla ya kusahihisha upatanisho wa kisarufi, yafaa mwalimu ajiulize mtoto anamwandikia nani, na ni neno gani la kwao limeachwa nje kwa kuwa halikupata mwenzake. Mhakiki naye, akutanapo na msimulizi anayeeleza mno, asikimbilie kumhukumu. Aulize kwanza alifundishwa wapi kusimama.