Wanawake wa Oaxaca na Guerrero: Uhamiaji, Utambulisho na Ujenzi wa Jamii

Historia ya uhamiaji wa Wameksiko kwenda Marekani imeandikwa kwa muda mrefu kana kwamba ni historia ya wanaume peke yao. Mpango wa Bracero, yaani mkataba wa serikali mbili uliopeleka vibarua wa mashambani Marekani kati ya mwaka 1942 na 1964, uliandikisha wanaume tu, na wake zao wakabaki vijijini. Hata hivyo, katika majimbo ya kusini ya Oaxaca na Guerrero, wanakoishi watu wa asili kama Wamixteko na Wazapoteko pamoja na Wameksiko wenye asili ya Afrika, wanawake ndio walioibeba jamii, kwanza kwa kubaki nyumbani na baadaye kwa kuondoka wao wenyewe.

Wameksiko wenye asili ya Afrika wamejikita zaidi Costa Chica, ukanda wa pwani ya Pasifiki unaoanzia karibu na Acapulco na kuelekea kusini-mashariki hadi Oaxaca. Wengi wa mababu zao walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati na kuteremshwa katika bandari ya Veracruz, lakini wapo pia waliotekwa katika pwani ya Msumbiji, wakauzwa kupitia Goa na Manila, na hatimaye wakafikishwa Acapulco kwa merikebu za Kihispania. Rais Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika, alipiga marufuku utumwa mwaka 1829. Lakini uhuru huo haukufuatwa na kutambuliwa, kwa kuwa katika karne ya 20 taifa lilijengwa juu ya itikadi ya uchotara, iliyodai kwamba kila Mmeksiko amezaliwa na Mhispania na mtu wa asili. Mwafrika hakuwa na nafasi katika simulizi hiyo. Mwanaanthropolojia Gonzalo Aguirre Beltrán alichapisha mwaka 1946 kitabu kuhusu watu weusi wa Meksiko, kisha mwaka 1958 utafiti wake juu ya mji wa Cuajinicuilapa, lakini takwimu za serikali ziliendelea kunyamaza kwa miongo mingi.

Katika vijiji vya watu wa asili, uanachama wa mtu katika jamii ulipimwa kwa kazi. Kulikuwa na tequio, yaani kazi ya pamoja isiyo na ujira inayofanana na msaragambo, ambayo kwayo watu walitengeneza barabara, shule na mifereji. Na kulikuwa na nyadhifa za kijiji zilizoshikwa kwa zamu bila mshahara, ambazo aliyezitumikia ndiye aliyestahili kusema katika baraza. Wanaume walipohamia ng'ambo, wajibu huo haukufutwa, bali uliwaangukia wake zao, waliolazimika ama kwenda kazini wenyewe ama kumlipa mtu awatumikie. Palepale ndipo dhuluma ilipojificha, kwa maana katika vijiji vingi mwanamke alitoa jasho la mwanakijiji kamili bila kupewa kura yake. Mwaka 2007 Eufrosina Cruz, mwanamke wa Kizapoteko, aligombea uongozi wa manispaa ya Santa María Quiegolani, na kura alizopigiwa zikafutwa kwa sababu ya jinsia yake. Alipinga hadharani, na baadaye akaingia katika bunge la jimbo la Oaxaca na kuwa spika wake.

Sababu za wanawake kuondoka zilikuwa nzito. Mfumo wa kimataifa wa kugawa viwango vya mauzo ya kahawa ulivunjika mwaka 1989 na bei waliyolipwa wakulima wa kahawa wa huko ikaporomoka, kisha Oktoba 1997 kimbunga Pauline kikaipiga pwani ya Guerrero na Oaxaca. Familia za Wamixteko zilishika njia ya mashamba ya San Quintín katika Baja California, na kutoka huko zikavuka mpaka hadi bonde la San Joaquín na mji wa Oxnard, katika jimbo la California. Watu wa Costa Chica nao walijenga makazi mapya katika miji ya Marekani kama Winston-Salem na Santa Ana. Mwanamke aliyechuma stroberi Oxnard alifanya kazi akiwa ameinama mchana kutwa juu ya matuta, na alipofika hospitalini kujifungua alikuta mkalimani wa Kihispania, lugha ambayo pengine hakuijua. Kimixteko ni lugha ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, nacho kina lahaja nyingi zisizoelewana, hivyo neno la mgonjwa mara nyingi lilipita kwa wakalimani wawili, mmoja akilitoa katika Kimixteko hadi Kihispania na mwingine hadi Kiingereza, ndipo limfikie daktari. Aliyeitikia kwa kichwa kwa adabu alihesabiwa kuwa amekubali asichokielewa.

Kutokana na haja hiyo ya kusikika, kina mama wakaanza kujenga taasisi. Katika wilaya ya Ventura shirika la MICOP, lililoanzishwa mwaka 2001, lilifundisha wakalimani na waelimishaji wa afya miongoni mwa wahamiaji wenyewe, na baadaye likafungua redio inayotangaza kwa lugha za asili. Mjini Los Angeles, Mzapoteko Odilia Romero alishiriki mwaka 2016 kuanzisha CIELO, shirika linalotetea haki ya kupata mkalimani mahakamani na hospitalini. Tequio ilikuwa imehama pamoja na wenyewe, na safari hii waliokuwa wakiifanya ndio pia waliokaa katika viti vya uongozi.

Kwa Wameksiko weusi, kuhama kuliwakabilisha na swali la wao ni nani. Walikuwepo waliosimamishwa na maofisa ndani ya nchi yao na kuamriwa waimbe wimbo wa taifa ili kuthibitisha uraia, ilhali Marekani walichukuliwa kuwa Wamarekani weusi mpaka walipofungua kinywa na kusema Kihispania. Mkutano wa kwanza wa vijiji vya watu weusi ulifanyika El Ciruelo, Oaxaca, mwaka 1997 kwa juhudi za padri Glyn Jemmott kutoka Trinidad, na katika miaka iliyofuata jumuiya za watu wa pwani, zikiwemo za wanawake, zilidai kuhesabiwa. Katiba iliwatambua mwaka 2019, na sensa ya 2020 ikawahesabu watu 2,576,213, sawa na asilimia 2 ya wakazi wote.

Utambuzi huo ni ushindi wa haki, lakini haujalipa deni lote. Jamii hizi zimejengwa kwa mikono ya wanawake waliopokea zamu za waume zao, waliotuma fedha nyumbani na waliosimama kati ya mgonjwa na daktari. Basi maendeleo yoyote yatakayopangwa kwa jina lao, iwe Oaxaca, Guerrero au California, hayatakuwa ya haki mpaka wao wenyewe wawe na kura katika baraza linaloyapanga na ujira kwa kazi inayoyatimiza.