Afya baada ya kupona kifua kikuu

Afya baada ya kupona kifua kikuu ni hali ya mwili, akili na maisha ya mtu aliyemaliza dawa za ugonjwa huo. Katika rejista ya kliniki mtu huyu huandikwa "amepona", ikiwa makohozi yake yamepimwa na kukutwa hayana vimelea, au "amemaliza matibabu" ikiwa kipimo hicho cha mwisho hakikufanyika. Kwa wengi ufuatiliaji huishia kwenye mstari huo. Inakadiriwa kuwa watu milioni 155 waliougua tangu 1980 walikuwa bado hai mwaka 2020. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali umeonyesha kwamba kiwango cha vifo miongoni mwa waliotibiwa hukaribia mara 3 ya kile cha watu wengine.

Tiba ya kawaida huchukua miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2 ya kwanza, kisha 2 kwa miezi 4. Dawa huua vimelea. Hazioteshi upya nyama ya pafu iliyokwisha kuliwa. Sehemu kubwa ya uharibifu hutokana na kinga ya mwili yenyewe inapopambana na vimelea, na kadiri mgonjwa anavyochelewa kugunduliwa ndivyo matundu na makovu yanavyoongezeka. Njia za hewa zikivutwa na makovu hupanuka na kubaki hivyo, hali iitwayo bronkiektasisi: makohozi hutuama humo, na mtu hukohoa kila asubuhi kwa miaka. Tundu lililobaki wazi linaweza kuota kuvu wa Aspergillus, na hapo hatari kubwa ni kukohoa damu. Huko Blantyre, Malawi, watafiti waliwapima watu wazima mara tu walipomaliza dawa. Zaidi ya nusu bado walikuwa na dalili za kifua, na kama theluthi moja hawakupuliza hewa kwa kiwango cha kawaida.

Kosa linaloumiza zaidi ni kudhani kwamba kila kikohozi cha aliyepona ni kifua kikuu kilichorudi. Mashine ya GeneXpert husoma vinasaba, na vinasaba vya vimelea vilivyokufa huweza kubaki kwenye makohozi muda mrefu baada ya tiba; picha ya kifua nayo huonyesha kovu lilelile. Basi mtu hurudishiwa dozi nzima asiyoihitaji, huku ugonjwa wake halisi ukiachwa. Hata hivyo kikohozi hicho hakipaswi kupuuzwa, kwa maana aliyewahi kuugua yumo kwenye hatari kubwa kuliko wengine ya kuugua tena, ama kwa vimelea vilivyobaki ama kwa maambukizi mapya. Kuotesha makohozi maabara ndiko hutenganisha vimelea hai na vilivyokufa.

Tanzania ina nafasi ya pekee katika historia ya kupambana na ugonjwa huu. Mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulianza 1977, na kazi aliyoifanya humo daktari Karel Styblo ikawa msingi wa mkakati uliosambazwa duniani kote. Mkakati huo uliokoa maisha ya watu wengi mno. Lakini kipimo chake cha ushindi kilikuwa makohozi safi, si pumzi ya mtu anapopanda mlima au kubeba gunia. Kwa wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani tatizo huwa zito zaidi, kwani vumbi la mwamba huharibu pafu lilelile, na aliyepona akirudi mgodini huirudia hatari ileile.

Nje ya mapafu, kifua kikuu cha mgongo huweza kuacha kibyongo au kupooza, cha uti wa ubongo huwaachia watoto ulemavu, na cha mirija ya uzazi huleta utasa. Sindano za kanamaisini, zilizotumika kwa miaka mingi dhidi ya vimelea sugu, ziliwaachia baadhi ya watu uziwi wa kudumu.

Kipato nacho huyumba. Kuli asiyeweza tena kubeba, au mama lishe ambaye wateja wamemhama, hubaki na madeni ya miezi ya ugonjwa, na nyumbani kikombe chake huendelea kutengwa ingawa hana cha kumwambukiza mtu. Huzuni na msongo wa mawazo hufuata. Vikundi vya waliopona, kama MUKIKUTE cha Temeke, hufanya kazi ambayo kidonge hakiwezi.

Matunzo yenye faida yapo. Mazoezi ya mapafu, yaliyojaribiwa Kampala kwa wiki 6 bila vifaa vya gharama, yaliwawezesha washiriki kutembea mbali zaidi. Kuacha sigara, kuepuka moshi wa kuni, kujifunza kutoa makohozi na kupata chanjo za mafua na nimonia huzuia kifua kuharibika zaidi. Picha ya kifua iliyopigwa siku ya kumaliza dawa, ikitunzwa pamoja na kadi ya matibabu, humpa daktari wa baadaye kitu cha kulinganisha nacho kabla hajaandika dozi nyingine.