Mwani na Maji ya Ziwa Victoria

Mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu, na tangu hapo mambo ya kandokando ya Ziwa Victoria yalianza kugeuka upesi. Misitu ilikatwa, mashamba yakapanuka, miji ikakua. Mvua zilizonyesha juu ya ardhi iliyovuliwa miti zilichukua udongo, na mito kama Nyando na Nzoia ikaufikisha ziwani. Ndani ya udongo huo, na ndani ya maji machafu ya miji, mlikuwa na fosforasi, ambayo ni mbolea.

Mbolea hiyo iliuneemesha mwani, yaani vimea vidogo mno vieleavyo majini. Mwani wenyewe si adui. Ndio chakula cha kwanza cha ziwa, na pasipo huo hapana samaki. Lakini ukizidi kiasi cha kuliwa, hufa na kuzama. Na uozapo, bakteria wauozeshao hutumia oksijeni iliyomo majini. Basi kilichokuwa chakula hugeuka kuwa uchafu, tena uchafu uliozaliwa ziwani humo humo. Kikulacho ki nguoni mwako.

J. F. Talling aliyapima maji ya ziwa mwaka 1960 na 1961. Wataalamu waliopima tena mwanzoni mwa miaka ya 1990, miongoni mwao Robert Hecky na Rose Mugidde, waliona kuwa uzalishaji wa mwani umeongezeka kama mara mbili. Kisha mwaka 2002 Dirk Verschuren na wenzake walieleza habari za tope la chini ya ziwa, lililojilundika tabaka juu ya tabaka mithili ya kurasa za kitabu. Tope hilo lilionyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930.

Tarehe hiyo yafaa iangaliwe sana. Wengi humlaumu mbuta, ambaye Tanzania huitwa sangara. Huyu alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akaenea mno miaka ya 1980, akawala fulu hata aina nyingi zikatoweka. Mbuta ana hatia yake. Lakini mwani ulikwisha anza kuzidi kabla hajaletwa. Kwa hiyo chanzo chapasa kutafutwa nchi kavu. Mkulima wa Kericho azuiaye udongo wake usichukuliwe na mvua, huulinda pia wavu wa mvuvi wa Kisumu.