Mbwa wa babu zetu hakukosa kazi: historia ya basenji na funzo lake kwa familia zetu

Malalamiko juu ya mbwa hayaishi mitaani mwetu. Huyu amekuta kiatu chake cha Jumapili kimetafunwa. Mbwa wa yule ameua kuku wa jirani, na sasa kuku anadaiwa. Mwingine hapati usingizi kwa sababu mbwa aliyefungwa kamba analia usiku kucha. Pale ambapo wakimbizi wa vita wanaishi na wenyeji wao katika parseli moja, jambo dogo kama hilo linageuka ugomvi wa nyumba mbili. Na dawa inayotumika mara nyingi ni ileile: fimbo, jiwe, au kamba fupi zaidi.

Lakini nchi yetu ina mbwa wake wa asili, na habari zake zimeandikwa sana Ulaya na Marekani kuliko hapa kwetu. Ukiifuata historia yake tangu msituni hadi kwenye nyumba za London, unaona wazi kwamba mbwa mkorofi, mara nyingi, ni mbwa aliyenyimwa kazi.

Mbwa wa kengele

Katika misitu ya Ituri, Uele na sehemu nyingine za bonde la mto Kongo, watu wamewinda na mbwa tangu zamani. Ni mbwa mdogo, mwenye nywele fupi, masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja juu ya mgongo, na mikunjo kwenye paji la uso kama mtu anayewaza. Jambo linalomtofautisha na mbwa wengine ni kwamba habweki ovyo. Anaweza kulia, kunguruma, hata kutoa sauti ya kupanda na kushuka kama mtu anayeimba, lakini ule mbweko wa mfululizo tuliouzoea hana.

Kwa mwindaji hilo ni faida na ni tatizo pia. Mbwa asiyebweka hamshtui mnyama mapema. Ila akiingia kwenye kichaka kizito, mwenyewe hajui yuko wapi. Wazee walitatua jambo hilo kwa kuchonga kengele ya mti na kuifunga shingoni mwa mbwa. Ikilia, mwindaji alijua mbwa yuko upande gani, na mnyama alikimbia kuelekea kwenye nyavu.

Tukumbushe jinsi uwindaji wa nyavu unavyopangwa kwa Wambuti wa Ituri. Wanaume hutandaza nyavu na kuzilinda. Wanawake na watoto huenda upande wa pili na kupiga kelele ili mboloko na wanyama wengine wakimbilie mtegoni. Katika mpango wa namna hiyo kila mmoja ana nafasi yake, na mbwa pia. Mbwa mchanga hakuhitaji shule: alimfuata mbwa mzoefu, akaona kinachofanyika, akajaribu. Akirudi jioni amechoka, analala karibu na moto. Hakubaki na nguvu ya kutafuna vitu vya watu.

Mjerumani Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea, alisafiri maeneo hayo kati ya 1868 na 1871 na kufika kwa Wazande. Katika kitabu chake aliwataja mbwa wadogo wa rangi ya kahawia, wenye mkia uliojikunja, waliovalishwa kengele ndogo za mti wasipotee kwenye majani marefu. Kwa hiyo kengele hiyo si hadithi ya jioni tu. Ilikuwepo zaidi ya miaka 150 iliyopita, na mgeni aliiona kwa macho yake.

Jina lenye matusi ndani yake

Mwaka 1895 mbwa wawili wa aina hii walionyeshwa Uingereza, katika maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts. Hawakuishi muda mrefu. Waliuawa na distempa, ugonjwa wa virusi unaoambukiza mbwa kwa mbwa, ambao miili yao haikuwa imeuzoea.

Ilipita miaka zaidi ya 40 kabla jaribio lingine kufanikiwa. Mwanamke Mwingereza, Olivia Burn, aliyekuwa ameishi Kongo wakati wa Wabelgiji, aliwapeleka mbwa kwao mwaka 1936, na mwaka 1937 wakaonyeshwa Crufts. Watu walijazana kuwaona «mbwa wasiobweka wa Kongo».

Jina lililoshika huko ni basenji. Anayejua Kiswahili chetu au Lingala analisikia mara moja: musenji mmoja, basenji wengi. Ni neno lililotumika wakati wa ukoloni kuwadharau watu wa vijijini, wale walioitwa hawajastaarabika. «Mbwa wa basenji» maana yake ilikuwa mbwa wa washamba. Huko Ulaya, tusi hilo likageuka jina la heshima, linaloandikwa kwenye vyeti vya mbwa wa bei kubwa. Hapa kwetu, mbwa mwenyewe akaendelea kuhesabiwa kuwa mbwa tu.

Kindu na Kasenyi wavuka bahari

Mwaka huohuo wa 1937, mbwa wengine wa Bi Burn walipelekwa Marekani. Distempa iliwapiga tena. Jike na watoto wake walikufa. Dume aliyeitwa Bois ndiye aliyepona. Mwaka 1941 walifika huko mbwa wengine wawili kutoka Kongo, na majina yao yatawafurahisha wasikilizaji wetu: mmoja aliitwa Kindu, mwingine Kasenyi. Wakaaji wa Maniema wanajua Kindu ni wapi, na watu wa Ituri wanaijua Kasenyi kando ya ziwa Albert. Damu ya mbwa hao wawili imo katika vizazi vya basenji wa Marekani hadi leo. Mwaka 1944 chama kikubwa cha mbwa cha nchi hiyo, American Kennel Club, kilianza kuwaandikisha rasmi.

Hapo ndipo shida ya nyumbani ilipoanza. Mbwa aliyezoea kukimbia msituni kutwa nzima alifungiwa sebuleni. Basenji wakapata sifa ya kutafuna viti, kuiba chakula, kuchimba bustani na kupanda ua wa waya kama paka. Wafugaji wengi walisema ni mbwa asiyefundishika.

Waliomtazama kwa makini waliona mambo tofauti. Mbwa huyu hakukosa akili. Ameumbwa na kazi ambapo lazima aamue peke yake, mbali na bwana wake, ndani ya kichaka. Ukimwamuru jambo lisilo na maana kwake mara kumi, anageuza uso. Ukimpa jambo la kukimbiza, la kutafuta au la kunusa, anakufuata.

Mwaka 1972 kilianzishwa huko Marekani chama cha American Sighthound Field Association, kinachoandaa mashindano ya mbwa wa kukimbiza, na basenji wamo. Hakuna mnyama anayeuawa. Kamba ndefu inazungushwa uwanjani na mashine, na mwishoni mwake kumefungwa mfuko mweupe wa plastiki. Mfuko unakimbia na kukata kona kama sungura, na mbwa wanaufuata kwa nguvu zao zote. Tuseme hivi: watu wenye pesa walilazimika kununua mashine ili kumrudishia mbwa wa Kongo kile alichokipata bure kila asubuhi kwa Wambuti.

Baadaye wafugaji waliona tatizo jingine. Kwa kuwa basenji wote wa nje walitoka kwa mbwa wachache sana, magonjwa ya kurithi yalienea kati yao, hasa ugonjwa wa figo. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walirudi Zaire, wakaingia vijijini na kuomba mbwa wapya. Mwaka 1990 kitabu cha usajili kikafunguliwa ili mbwa hao waandikwe. Basi mbwa wa kijijini, yule anayerushiwa mawe, ndiye aliyeitwa kwenda kuokoa ukoo wa mbwa wa mabwana.

Virunga: kazi mpya

Historia ya mbwa na kazi katika nchi yetu haikuishia hapo. Mwaka 2011 hifadhi ya Virunga ilianzisha kikosi cha mbwa wa kunusa huko Rumangabo, katika Rutshuru. Hawa si basenji. Kikosi kilianza na mbwa wakubwa wenye masikio marefu walioletwa kutoka Ulaya, wanaoweza kufuata harufu ya mtu mmoja hata kama wengine wengi wamepita njia ileile. Kazi yao ilikuwa kuwafuata majangili na kutafuta watu waliopotea.

Kwa familia zetu, la kuangalia ni jinsi mbwa wa kunusa anavyofundishwa. Kazi yake inaanza kama mchezo wa watoto wa kujificha. Mtu anajificha, mbwa ananusa nguo yake, anamtafuta, akimpata anapewa kitu anachokipenda. Kwa mbwa, mchezo na kazi ni kitu kimoja.

Funzo kwa nyumba zetu

Mbwa wengi tunaowaona Goma, Bukavu, Butembo au Bunia ni wa damu mchanganyiko, lakini miguu na pua zao zinadai yaleyale. Vita vimewaondolea nafasi kama vilivyotuondolea sisi. Mbwa aliyekuwa akizunguka shamba na kuchunga mbuzi sasa amefungwa kwenye mti wa turubai, kati ya watoto mia wasiomjua. Akili yake bado inatafuta kazi. Asipoipata, anajitafutia mwenyewe: kuku, viatu, sufuria ya jirani, au kila mpita njia.

Haya hayagharimu franka hata moja.

Mtembeze kwa kamba asubuhi na jioni, kabla ya kumlisha. Mbwa aliyechoka halii usiku.

Funga kitambaa kikuukuu kwenye kamba, ukivute chini naye akifukuze. Ni uleule mfuko wa plastiki wa Wamarekani, bila mashine.

Chakula chake kidogo usimmwagie mahali pamoja. Kifiche sehemu tatu au nne za parseli akitafute kwa pua. Bugali iliyobaki inamshughulisha nusu saa badala ya dakika moja.

Nyumba nzima itumie neno lilelile. Baba akisema «kaa», mama akisema «keti» na watoto wakisema «assis», mbwa hajui amsikilize nani. Mfundishe dakika chache tu kila siku, na akifanya vizuri umpe kipande papo hapo. Kumpiga baada ya saa moja kwa kosa alilokwisha kulisahau kunamfundisha kukuogopa tu.

Watoto nao wafundishwe. Wasimsogelee mbwa anapokula, anapolala au anaponyonyesha. Wasimrushie mawe mbwa aliyefungwa, kwa kuwa hawezi kukimbia, amebaki na meno tu.

Hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa zito. Ugonjwa wa raji, yaani kichaa cha mbwa, unaua watu wapatao 59.000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya wataalamu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mbwa ndio wanaosababisha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu, na karibu 4 kati ya kila wagonjwa 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea, ni nadra sana mtu kupona. Lakini kabla ya hapo kinga ipo, tangu mwaka 1885 Louis Pasteur alipomchanja huko Paris mtoto Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa, naye akaishi.

Mtu akiumwa na mbwa, au hata akikwaruzwa, osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo aulizie chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Usipake majani wala mafuta. Na kila kampeni ya chanjo ya mbwa inapotangazwa, peleka wako. Mbwa aliyezoea kamba na sauti ya mwenyewe anachanjwa kwa urahisi. Yule asiyefundishwa chochote anakimbia, na familia inabaki bila kinga. Ndiyo maana mafunzo ya mbwa si mchezo wa matajiri.

Wazee wetu walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa mbwa pia walifanya hivyo, hata bila kusema: walimpa kengele, wakampa nafasi katika kundi, jioni wakamwachia mahali karibu na moto. Kengele hatuna tena, na wengi wetu hata moto wetu tumeuacha kijijini. Lakini kamba, kitambaa na dakika kumi za jioni, hivyo bado tunavyo.