Krimu ya jua: dawa ao urembo?



Mwezi wa 12 uliopita, dada yangu mkubwa anayeishi Marekani alinipigia simu: «Kazini niko na feza za afya, zitapotea tarehe 31 kama sizitumii. Wanasema naweza kununua hata krimu ya jua.» Nikacheka: «Yaya, feza za afya kwa kununua pomade?» Kisha nikamkumbuka mdogo wetu wa Bukavu, mwenye ualbino. Nikaanza kutafuta historia ya mambo hiyo.

Mwaka 1978 Marekani walipitisha sheria ya kodi. Kutokana nayo, mfanyakazi anaweza kuweka kando sehemu ya mshahara mbele ya kukatwa kodi: analipa farmasi, anaonyesha fakture, anarudishiwa. Usipozitumia mwaka ukiisha, zinapotea. Ni mwaka 2013 tu makampuni yaliruhusiwa kuachia mtu sehemu, wakati ule mpaka dola 500, aendelee nazo. Kaunti ya namna ingine, ambayo feza zake hazipotei, ilipitishwa mwisho wa 2003.

Lakini sharti ni moja: kitu kizuie ao kitibu ugonjwa. Urembo, hapana. Toka 2011, hata dawa ya kichwa ya kawaida ilidai ordonansi. Sheria ya Machi 2020, wakati wa Korona, ikaondoa sharti hilo. Krimu ya jua yenye SPF 15 ao zaidi, inayozuia mionzi ya namna zote mbili (UVA na UVB), inaingia. Pomade ya kulainisha ngozi haiingii. Na ile 15 haikutoka hewani: mwaka 2011, ofisi yao ya dawa iliamua kwamba ni krimu za kiwango hicho tu zinaweza kuandika kwamba zinasaidia kupunguza hatari ya kansa ya ngozi.

Kumbe neno moja ndani ya sheria linahamisha chupa kutoka rafu ya urembo kwenda rafu ya dawa.

Mdogo wetu lakini hayumo. Kaunti ya dada ni kwa ajili yake na wale anaowategemeza kisheria kule, si ndugu wa Bukavu. Krimu alinunua kwa feza za mfuko wake.

Mimi nimesoma agronomia. Kila siku nafundisha watu kuwekea miche kivuli kwenye pepinieri, na mdogo wangu anaenda shambani na kofia tu. Congo tuko na sheria ya mutuelle tangu 2017. Wenzetu wa droit na santé publique, tuandike pamoja barua moja kwa mutuelle zetu: kwa mwenye ualbino, krimu ya jua ihesabiwe kama dawa. Nani anaanza?